Kodi za mazingira kwa wenye magari: maswali ya wenye shaka

Kila serikali inapotangaza kodi mpya ya "mazingira" kwa wenye magari, maswali huwa yaleyale, na mengi ni ya haki. Kodi nyingine zimetungwa kwa akili, nyingine ni tozo ya kawaida iliyopakwa rangi ya kijani. Majibu haya yanalenga kukusaidia kuzitofautisha.

Ni kodi zipi hasa zinazoitwa za mazingira?

Zipo za aina nne. Ushuru wa mafuta unaotozwa kwa kila lita. Kodi ya kaboni, ambayo nayo hulipwa kwenye pampu lakini hukokotolewa kwa uzito wa hewa ukaa. Ada ya usajili au ya kila mwaka inayofuata kiwango cha moshi au ukubwa wa injini. Mwisho ni tozo ya kuingia eneo fulani la mji, ama kupunguza foleni ama kuzuia magari yenye moshi mchafu. Shabaha hizi mbili za tozo ya mji huchanganywa sana, nazo hazifanani: gari jipya safi kabisa huongeza foleni sawasawa na gari kuukuu.

Kipimo chetu ni rahisi. Kodi ya mazingira hupanda uchafuzi wako unapopanda na hushuka unapoupunguza. Ada iliyo sawa kwa kila gari, liwe linatembea kilomita 2,000 au 40,000 kwa mwaka, si ya mazingira hata ikiandikwa hivyo kwenye sheria.

Lita ya petroli haifiki kilo moja. Inawezaje kutoa zaidi ya kilo 2 za hewa ukaa?

Hapa wengi hudhani wanadanganywa, kwa hiyo tuifanye hesabu yenyewe.

Lita ya petroli ina uzito wa gramu 745 hivi. Takriban asilimia 86 ya uzito huo ni kaboni, yaani gramu 640. Inapoungua ndani ya silinda, kila atomu ya kaboni hushikana na atomu mbili za oksijeni. Uzito wa atomu ya kaboni ni 12 na wa oksijeni ni 16, hivyo 12 inakuwa 44. Gramu 640 zidisha kwa 44, gawanya kwa 12: unapata kama kilo 2.3. Uzito ulioongezeka haukutoka kwenye tangi lako, umetoka kwenye hewa iliyovutwa na injini kupitia chujio la hewa.

Dizeli ni nzito zaidi kwa lita, ndiyo maana hutoa kati ya kilo 2.6 na 2.7. Petroli iliyochanganywa na ethanoli hushuka kidogo chini ya 2.3. Namba hizi hazibadiliki kwa aina ya gari wala kwa ufundi wa dereva. Gari zuri huchoma lita chache tu. Haliwezi kuifanya lita moja itoe hewa ukaa kidogo.

Nitajuaje kodi ya kaboni inanigharimu kiasi gani?

Tafuta kiwango cha kodi kwa tani, kizidishe kwa 2.3 (au 2.65 kwa dizeli), kisha gawanya kwa 1,000. Hilo ndilo ongezeko kwa lita. Tuseme kiwango ni 50 kwa tani, kwa fedha yoyote: 50 × 2.3 ÷ 1,000 ni 0.115 kwa lita. Gari linalokula lita 8 kwa kilomita 100 na kutembea kilomita 12,000 kwa mwaka litachoma lita 960, yaani kama tani 2.2 za hewa ukaa. Kodi yake ni 110 kwa mwaka.

Hesabu hii huharibika sehemu mbili. Kwanza, nchi nyingi hutoza kodi ya ongezeko la thamani juu ya bei ambayo tayari ina ushuru ndani yake. Ikiwa kodi hiyo ni asilimia 20, zile 110 zinakuwa 132. Malalamiko kwamba "tunatozwa kodi juu ya kodi" ni ya kweli kabisa. Pili, bei ya pampu hupanda kwa sababu nyingine wakati huohuo: mafuta ghafi, thamani ya fedha, faida ya muuzaji. Kama kiwango ni 50 na lita imepanda kwa 0.40, kodi ya kaboni imechangia 0.138 pamoja na ongezeko la thamani. Kilichobaki tafuta mwingine wa kumuuliza.

Watu hulipa, hunung'unika, na huendelea kuendesha. Kodi inasaidia nini?

Inasaidia, ila polepole, na si kwa namna watu wanayoitarajia. Tafiti nyingi zilizokusanywa pamoja zinaelekea jibu moja: bei ya mafuta ikipanda kwa asilimia 10 na kubaki juu, kilomita zinazoendeshwa hupungua kama asilimia 1 mwaka wa kwanza na asilimia 3 baada ya miaka mitano hivi. Lakini lita zinazochomwa hupungua zaidi, kama asilimia 2.5 mwaka wa kwanza na karibu 6 baadaye. Pengo hilo ndilo linaloeleza mambo. Mwanzoni watu huunganisha safari na kukanyaga mafuta kwa upole; baadaye, wakati wa kubadilisha gari ukifika, huchagua linalokula kidogo. Anayetazama barabara miezi mitatu baada ya kodi kuanza, akaona foleni ileile, hajaona kitu bado.

Kuna mitego miwili. Ushuru ukipanda kwa asilimia 10, bei ya lita haipandi kwa asilimia 10, kwa kuwa ushuru ni sehemu tu ya bei. Halafu ushuru uliowekwa kwa kiasi maalum huliwa na mfumuko wa bei. Uingereza iliugandisha ushuru wake kwenye peni 57.95 kwa lita tangu 2011, kisha Machi 2022 ikaushusha hadi 52.95. Kwa thamani halisi, dereva wa huko amekuwa akipata punguzo mwaka hadi mwaka, hata kama hakuna aliyemwambia.

Si njia tu ya kujaza hazina?

Mara nyingi, ndiyo. Na historia haiwasaidii wanaokana.

Uingereza ilianza kutoza petroli mwaka 1909, ikiahidi kwamba fedha zitakwenda kwenye barabara. Katika miaka ya 1920 Winston Churchill, akiwa waziri wa fedha, alichota kwenye mfuko huo kwa matumizi mengine, na mwaka 1937 uhusiano kati ya kodi ya magari na barabara ukakatwa rasmi. Mwaka 1993 ukaja mpango wa kuupandisha ushuru kila mwaka juu ya mfumuko wa bei, asilimia 3 mwanzoni, kisha 5, kisha 6, na sababu mojawapo iliyotajwa ilikuwa mazingira. Uliachwa mwishoni mwa 1999, lakini hasira ilikuwa imeshajaa: Septemba 2000 madereva wa malori na wakulima walizuia maghala ya mafuta na vituo vikakauka kwa siku kadhaa.

Ufaransa ilirudia kosa hilo kwa njia nyingine. Mwaka 2018 kodi yake ya kaboni ilikuwa euro 44.60 kwa tani, sawa na senti 10 hivi kwa lita ya petroli, na ilipangwa kupanda tena Januari 2019. Mwaka huohuo kodi ya utajiri ilikuwa imebadilishwa, ikabaki kwenye mali isiyohamishika peke yake. Mwananchi aliona upande mmoja matajiri wamepunguziwa, upande wa pili dizeli yake imepandishwa. Novemba 17, 2018 watu wenye vizibao vya njano waliziba mizunguko ya barabara nchi nzima. Desemba ongezeko likafutwa. Ukiwasikiliza walichodai, wengi hawakubishana na sayansi ya hali ya hewa. Walibishana na mgawanyo wa mzigo.

Basi nitajuaje pesa zinakwenda wapi?

Usiishie kwenye hotuba ya bajeti. Tafuta sheria yenyewe, uone kama kuna kifungu kinachosema mapato yatumike wapi. Tozo ya msongamano ya London, iliyoanza Februari 17, 2003 kwa pauni 5 kwa siku, imefungwa na sheria ya mwaka 1999: mapato halisi yaende kwenye usafiri. Kisha angalia ni mapato *baada ya gharama* au kabla. Mfumo wa kamera hula pesa nyingi, hasa miaka ya mwanzo. Tatu, linganisha bajeti ya usafiri kabla na baada ya tozo. Serikali inaweza kuingiza 100 kutoka kwenye tozo na kimyakimya ikaondoa 100 iliyokuwa ikitoka hazina kuu. Kifungu kimeheshimiwa na basi hata moja halijaongezeka.

Kurudisha fedha kwa wananchi ni njia nyingine, ila nayo ina dosari yake. British Columbia, Kanada, ilianza kodi ya kaboni Julai 2008 kwa dola 10 kwa tani, ikapunguza kodi ya mapato na kuwapa wenye kipato kidogo malipo maalum. Ilidumu hadi 2025. Baadaye serikali kuu ya Kanada ikaleta mfumo wake na kurudisha fedha moja kwa moja kwenye akaunti za familia. Ofisi ya bajeti ya bunge ilionyesha kwamba familia nyingi zilipata zaidi ya walicholipa moja kwa moja. Hata hivyo, bei ya pampu watu waliiona kila wiki, malipo yalikuja mara nne kwa mwaka, na wengi hawakutambua ni ya nini. Aprili 1, 2025 tozo hiyo kwa wananchi ilishushwa hadi sifuri. Tunavyoona sisi, fedha isiyotambulika na anayeipokea haijengi imani yoyote.

Ushuru wa mafuta ni mkubwa tayari. Sijalipia hewa ukaa yangu mara nyingi?

Kama uko kwenye nchi ya ushuru mkubwa, hoja yako ina uzito. Chukua ile peni 52.95 ya Uingereza ugawanye kwa kilo 2.3: ni kama pauni 230 kwa kila tani ya hewa ukaa, bila kuhesabu kodi ya ongezeko la thamani. Hicho ni kiwango cha juu kuliko kodi nyingi za kaboni duniani.

Lakini hewa ukaa si gharama pekee. Kuna moshi unaoingia kwenye mapafu ya watu, kelele, ajali, barabara yenyewe, na muda unaopotea kwenye foleni. Hiyo ya mwisho ndiyo kubwa mijini, na ndiyo inayobadilika kuliko zote: kilomita moja usiku kwenye barabara tupu haimcheleweshi mtu, kilomita hiyohiyo saa ya kutoka kazini katikati ya jiji huwachelewesha mamia. Ushuru wa mafuta hauwezi kuona tofauti hiyo. Matokeo yake anayeishi mbali na mji hulipa kupita anachosababisha, na anayeingia katikati ya jiji asubuhi hulipa pungufu. Kwa hiyo wote wawili wanaobishana hapa wana haki nusunusu.

Naishi pasipo na basi wala treni. Kodi hii inanitaka nifanye nini?

Hapa kodi nyingi hukosa jibu. Kodi hubadilisha tabia pale tu ambapo kuna cha kuchagua. Pasipo na mbadala, ni makato ya mshahara.

Yapo marekebisho yanayofaa: malipo ya kurudishiwa yanayotofautiana kwa eneo, kuanza na tozo za mijini kabla ya kupandisha ushuru wa nchi nzima, na mabasi kuongezwa *kabla* ya tozo kuanza. London iliongeza mabasi 2003 kabla ya kamera kuwashwa. Pendekezo likija kwenu, uliza tarehe: basi linaanza lini, na tozo inaanza lini? Tarehe ya tozo ikiwa imeandikwa na ya basi "itatangazwa", shaka lako liko mahali pake.

Walituambia tununue dizeli, sasa wanatutoza kwa kuwa na dizeli. Tuwaamini vipi?

Kero hii ndiyo iliyoharibu imani kuliko nyingine yoyote, na chanzo chake ni kuchanganya sumu mbili.

Injini ya dizeli hutumia lita chache kwa safari ileile, hivyo hewa ukaa yake ni pungufu. Serikali zilipoanza kupanga ada za magari kwa kipimo hicho peke yake (Uingereza mwaka 2001, Ireland mwaka 2008) watu walikimbilia dizeli, kama walivyoelekezwa. Lakini dizeli hutoa oksidi nyingi za nitrojeni, ambazo hudhuru mapafu mtaani hapohapo. Viwango vya moshi vya Ulaya, ambavyo huwa vikali zaidi namba inavyopanda, viliiruhusu dizeli ya Euro 4 kutoa miligramu 250 za oksidi hizo kwa kilomita, Euro 5 miligramu 180, na Euro 6 miligramu 80. Petroli ilikuwa imeshafika 80 tangu Euro 4. Tena hizo ni za maabara; barabarani dizeli nyingi zilizidi mno. Septemba 2015 ilibainika kuwa Volkswagen ilikuwa imeweka kwenye takriban magari milioni 11 programu iliyotambua gari linapopimwa na kulisafisha kwa muda huo tu.

Ukiziangalia namba hizo utaelewa jambo linaloudhi wengi London: gari la petroli la 2006 huingia eneo la hewa safi bila kulipa, na dizeli ya 2013 inayong'aa hulipa pauni 12.50 kwa siku. Masharti ni petroli Euro 4 au dizeli Euro 6, kwa kuwa hapo ndipo zote mbili hukutana kwenye 80. Kihesabu ni sawa. Kwa aliyenunua dizeli kwa kufuata ushauri wa serikali, fidia ya kuondoa gari ilikuwa deni, wala si hisani.

Kwa nini kura za maoni hukataa tozo hizi, halafu mahali pengine watu huzipenda?

Inategemea kura inapigwa lini. Edinburgh ilikataa mwaka 2005 kwa asilimia 74, na Manchester mwaka 2008 kwa asilimia 79. Zote zilipiga kura kabla ya kuona chochote. Stockholm ilifanya jaribio kuanzia Januari hadi Julai 2006, magari yaliyovuka mpaka wa tozo yakapungua kwa kama asilimia 20, kisha jaribio likazimwa na foleni zikarudi. Septemba mwaka huohuo wakazi wa jiji walikubali kwa wingi mdogo, na tozo ikawa ya kudumu Agosti 2007. Milan, ambako magari machafu yalikuwa yakitozwa tangu 2008, ilipiga kura 2011 na asilimia 79 wakataka mfumo upanuliwe.

Jaribio si dawa ya kila mahali. Göteborg, mji mwingine wa Uswidi, ilianza tozo Januari 2013, ikaita kura 2014, wengi wakasema hapana, na tozo ikabaki kwa sababu mapato yake yalikuwa yameshafungwa kwenye mradi wa reli. Kumuuliza mtu ukiwa huna nia ya kumsikiliza ni kumpandisha hasira bure.

Magari ya umeme hayalipi ushuru. Sisi ndio tunaowabebea?

Kwa sasa sehemu nyingi ndivyo ilivyo, na haiwezi kudumu. Hayana moshi wa bomba, lakini yanachukua nafasi ileile barabarani, na matairi yake hutoa chembechembe kama ya wengine. Vumbi la breki hupungua, kwa kuwa mota yenyewe husaidia kupunguza mwendo. New Zealand ilianza kuyatoza Aprili 2024: dola 76 za huko kwa kila kilomita 1,000, zinazonunuliwa kabla ya kuendesha na kulinganishwa na kipima kilomita. Uingereza iliondoa msamaha wa ada ya mwaka Aprili 2025.

Na malori, si ndiyo yanayoharibu barabara zaidi?

Kwa uharibifu wa lami, una haki. Majaribio yaliyofanywa Illinois, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950 yalionyesha uharibifu hukua kwa takriban kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli ya tani 10 dhidi ya ekseli ya gari dogo ya tani 0.75 ni kama mara 30,000. Hakuna ushuru wa mafuta unaokaribia uwiano huo.

Kamera zitafuatilia kila ninakokwenda?

Swali hili ni la zamani. Hong Kong ilijaribu tozo ya kielektroniki 1983 hadi 1985, na hofu ya kufuatiliwa ilichangia kuuzika mpango. Uliza mambo matatu: picha ya gari lililolipa inafutwa baada ya muda gani, nani mwingine anaweza kuitazama, na je, kuna njia ya kulipa bila akaunti. Tozo kwa kusoma kipima kilomita haihitaji kamera wala satelaiti, ingawa haijui uliendesha wapi wala saa ngapi.

Niuze gari kuukuu kukwepa tozo?

Piga hesabu ya siku utakazoingia eneo husika. Kuunda gari jipya kwenyewe hutoa tani kadhaa za hewa ukaa, hivyo gari kuukuu la petroli linalotembea kilomita 3,000 kwa mwaka nje ya mji si adui wa hali ya hewa. Likiingia mjini kila siku, hesabu hugeuka, mfukoni na kwenye mapafu ya wengine.

Nimetozwa kimakosa. Nianzie wapi?

Kwanza usilipe kabla ya kupinga: sehemu nyingi kulipa faini ni kukubali kosa, na pingamizi hufungwa papo hapo. Omba picha. Linganisha namba, herufi O na sifuri, B na 8. Kisha linganisha gari lenyewe: rangi, kioo kilichopasuka, kibandiko. Likiwa ni gari jingine lenye namba zako, toa taarifa polisi siku hiyohiyo na uambatanishe namba ya taarifa.

Kama gari ni lako lakini limewekwa daraja baya la moshi, tatizo mara nyingi ni gari lililoagizwa kutoka nje: mfumo haukupata kiwango chake, ukakisia kwa mwaka wa kutengenezwa. Kinachotakiwa ni hati ya mtengenezaji yenye kiwango cha Euro au miligramu za oksidi za nitrojeni kwa kilomita, pamoja na namba ya chasisi. Picha ya kibandiko cha dirishani haitoshi. Tuma ndani ya muda ulioandikwa kwenye barua, kwa kawaida siku 28, na uombe tozo za siku zilizotangulia nazo zirekebishwe, kwa sababu kubadilisha daraja hakurudishi fedha kwenyewe.